Tatu kwa Moja

Jumamosi ile mimi ndiye niliyemchokoza Fidèle Niyonzima, na kwa kuwa yeye hawezi kuisimulia habari hii bila kujitetea, nitaisimulia mimi.

Naitwa Aketch. Siku za kazi nalea watoto wa watu kwenye chekechea, na kila Jumamosi, kuanzia saa nne asubuhi, natangaza kipindi cha Kiswahili kwenye redio ya jamii huku magharibi ya Sydney. Tunasoma matangazo ya misiba na harusi, tunawaeleza watu fomu za serikali, tunapiga nyimbo. Lakini kwa miaka mitatu kilichowafanya watu wafungulie redio ni dakika kumi za mwisho, ambapo Fidèle alitabiri mechi za wiki.

Hakuwa mganga wala mtu wa kamari. Waliompigia simu kumuuliza waweke dau wapi aliwakatia. Kipaji chake kilikuwa cha kutazama. Alizaliwa Burundi, akakulia kambini mkoani Kigoma, na huko kambini ndiko alikofundisha timu ya vijana kwa miaka tisa. Mechi ikichezwa, yeye haufuati mpira kwa macho. Anatazama miguu ya mabeki. Anatazama nani anainamisha kichwa baada ya kosa, nani anaomba mpira na nani anajificha nyuma ya mwenzake. Mara mbili alitaja matokeo ya fainali kubwa kabla hazijachezwa, magoli na yote, na tangu hapo watu wakaacha kumwita kwa jina. Wakongo, Warundi, Wakenya, wote wakawa wanamwita Mwalimu.

Siku nyingine za wiki alikuwa mtu wa kupanga maboksi kwenye ghala moja upande wa Lidcombe. Msimamizi wake alikuwa kijana wa miaka ishirini na minne ambaye alimwita Fid, na ambaye, kwa maelezo ya Fidèle mwenyewe, hakuwahi kumuuliza swali lolote zaidi ya boksi liko wapi. Kwa hiyo dakika zile kumi hazikuwa mchezo kwake. Alikuja studio amevaa koti na shati lililopigwa pasi, ingawa redioni hakuna anayekuona.

Alikuwa na binti mmoja, Ikirezi, wa miaka kumi na sita. Alizaliwa kambini, akaletwa Australia akiwa na miaka minne, na kama watoto wetu wengi alielewa kila neno la Kiswahili lakini alijibu kwa Kiingereza. Alikuwa golikipa wa timu ya wasichana ya Quarry Lane, sekondari ndogo karibu na kwao Toongabbie, yenye wanafunzi wasiofika mia tatu. Fidèle hakupenda awe golikipa. Alisema golini ni mahali pa kulaumiwa. Hata hivyo, mtoto alipong'ang'ania, akakubali, na kila Jumapili baada ya ibada walikwenda wote wawili kwenye bustani ya karibu, baba anapiga mashuti, binti anadaka, hadi mama yake, Spéciose, awapigie simu chakula kinapoa. Nilipita pale siku moja nikawaona. Hawakuwa wakizungumza. Mpira tu ukienda na kurudi, na mara mojamoja yeye akimwonyesha kwa mkono, sogea, inama, simama hivi.

Ikirezi alipokuwa na miaka kumi na minne aliruka kudaka kona iliyotoka kushoto kwake, akagonga nguzo ya goli, akavunjika mfupa wa mtulinga. Daktari akasema umepona vizuri. Akarudi golini, akadaka vizuri kama zamani, na hakuna aliyegundua kitu. Lakini siku moja ya mvua, baba yake akimrudisha nyumbani kutoka mazoezini, wamesimama kwenye taa nyekundu, alisema kwa Kiswahili, taratibu, kama mtu anayetafuta maneno mfukoni, "Baba, mpira wa juu ukitoka kushoto naogopa. Miguu inakataa. Usimwambie mtu."

Fidèle akamwambia hatamwambia mtu. Alinieleza kwamba siku ile alifurahi, na aliona aibu kufurahi, kwa sababu mtoto alikuwa anaeleza hofu yake naye kilichomgusa zaidi ni kwamba ameieleza kwa Kiswahili.

Mwaka jana Quarry Lane waliingia fainali ya kombe la shule ndogo. Ni kombe ambalo magazeti hayaliandiki. Ila kwetu lilikuwa na uzito, kwa sababu timu zote mbili zilijaa watoto wetu. Wapinzani walikuwa Fern Street, shule nyingine ndogo ya upande wa Cabramatta, yenye Wavietnamu na Wakongo wengi. Fainali ilipangwa Jumatano. Jumamosi iliyotangulia, wasikilizaji walituma ujumbe tangu kipindi kinaanza, wote wanauliza jambo moja, Mwalimu atasemaje.

Fidèle alikuja amejiandaa kusema Quarry Lane watashinda mbili kwa moja. Najua kwa sababu nilikiona kikaratasi chake. Aliandika hivyo, na chini yake akaandika sababu tatu, zote nzuri. Tulipofika kwenye dakika zake, nikasoma hewani ujumbe wa msikilizaji mmoja aliyesema leo tusitarajie utabiri, leo tutasikia mapenzi ya mzazi. Nilicheka. Nikaongeza la kwangu. Nikasema, "Wasikilizaji, leo Mwalimu ameacha ualimu nyumbani, amekuja na ubaba peke yake."

Ulikuwa utani wa redio, wa kuchangamsha. Nilimwona akikikunja kile kikaratasi na kukitia mfukoni mwa koti.

Akasema Fern Street watashinda tatu kwa moja.

Nikamuuliza kwa nini. Angeweza kusema wana kasi zaidi, tukapiga wimbo, ikaisha. Badala yake akaeleza kwa dakika sita, kwa sauti ile yake ya utulivu ambayo watu waliipenda, bila kusema hata mara moja kwamba anayemzungumzia ni mwanawe. Alisema golikipa wa Quarry Lane ana mikono mizuri na anasoma mchezo, lakini mpira wa juu ukija kutoka kushoto kwake hatoki kuufuata, anabaki kwenye mstari. Alisema aliwahi kuumia bega na mwili haujasahau. "Ningekuwa kocha wa Fern Street," alisema, "kona zote ningezipeleka huko, na ningemweka msichana mrefu kuliko wote asimame mbele yake." Nilikuwa naitikia kila sentensi. Nilijua Ikirezi ndiye golikipa. Sikujua habari ya siri, lakini kuhusu golikipa nilijua, na niliona kipindi kinanoga.

Siku hiyohiyo nilikata kile kipande nikakiweka kwenye ukurasa wetu. Mpaka jioni kilikuwa kimesikilizwa mara mia nne, na kikawa kinazunguka kwenye makundi ya WhatsApp ya makanisa.

Spéciose alikisikia akiwa jikoni kwake. Yeye anahudumia wazee kwenye nyumba ya kutunzia wazee, ana subira ya kazi ile, na hapazi sauti. Alimsubiri mumewe arudi akamuuliza, "Baba Ikirezi, hayo uliyosema, mtoto anayajua?" Fidèle akamjibu kwamba mtoto alikuwa mazoezini, hakusikia, na kwamba watoto wenyewe hawasikilizi redio ya Kiswahili. Akasema pia kwamba mtu akiitwa mtaalamu lazima aseme ukweli, hata ukimuuma. Spéciose akamwambia hakumuuliza habari za ukweli.

Usiku haukumpa usingizi, nadhani, maana Jumapili alfajiri Spéciose alinipigia mimi. Aliniomba nikitoe kile kipande kwenye ukurasa. Alisema, "Dada Aketch, yule ni mtoto." Nikamwambia sawa mama, nitakitoa, ngoja tu nifike kwenye kompyuta. Kompyuta ilikuwa mezani mbele yangu. Idadi ilikuwa imefika mia saba, na hatujawahi kupata mia saba. Nikasema nitakitoa Jumatatu. Jumatatu ikapita.

Kanisani watu walimzunguka Fidèle. Wengine walimcheka kwamba amemsaliti binti, wengine walimsifu kwa kutopendelea. Mzee mmoja wa kanisa alisema laiti waamuzi wangekuwa kama yeye. Ikirezi alikuwa nje na vijana wenzake, na kwa bahati, au kwa bahati mbaya, hakuna aliyemwambia kitu. Kila mtu alidhani anajua.

Jumanne jioni Fidèle alimaliza zamu, akakaa kwenye gari lake katika maegesho ya ghala, akaanza kumwandikia ujumbe kocha wa Quarry Lane. Kocha alikuwa mwalimu wa hesabu, binti mmoja mwenye heshima aitwaye Abigail, ambaye mpira aliujulia kwenye video. Alimwandikia kwa Kiingereza chake kwamba kwenye kona za kushoto amweke beki karibu na golikipa, asiachwe peke yake. Sentensi mbili. Zingetosha. Akazisoma, akazifuta, akawasha gari.

Nilimuuliza baadaye kwa nini alizifuta. Akasema, "Niliogopa wakijipanga, utabiri utaharibika."

Sijawahi kusikia mtu akisema jambo baya juu ya nafsi yake kwa sauti ya kawaida kama ile.

Jumatano niliomba ruhusa kazini nikaenda. Uwanja uko Lidcombe, na treni zinapita nyuma ya goli moja kila dakika chache. Ilikuwa Agosti, jua kali bila joto, na upepo wa magharibi uliopeperusha vikombe vya karatasi. Wazazi walichoma soseji na kuziuza ndani ya vipande vya mkate kuchangia jezi. Waafrika tulijipanga upande mmoja wa uwanja, timu zote mbili pamoja, tukisalimiana. Fidèle alikuwa amevaa koti lake la redio. Watu walikuja kumpa mkono, na kila aliyempa mkono alimuuliza kama bado anasimama na neno lake. Alisema bado. Spéciose hakuja, alikosa mtu wa kushika zamu yake.

Ikirezi alitoka na glavu za kijani, mrefu, miguu kama ya baba yake, akaja hadi kwenye mstari. Akatutazama hadi akamwona baba yake, akainua glavu moja. Fidèle akainua mkono.

Dakika ya kumi na moja, Fern Street walipata kona upande wa kushoto wa Ikirezi. Msichana wao mmoja mrefu, Bénie, alitoka katikati ya uwanja akatembea moja kwa moja hadi mbele ya Ikirezi, akampa mgongo, akasimama hapo kama mlango. Niliona Fidèle anaacha kutafuna soseji. Mpira ukaja juu, upepo ukiusukuma, Ikirezi akapiga hatua moja mbele, akarudi kwenye mstari. Bénie akaruka peke yake. Moja bila.

Nilimgeukia Fidèle nikasema labda ni bahati tu. Kona iliyofuata ilitoka kulia. Msichana mmoja wa Fern Street akataka kuipiga haraka, na kocha wao akapiga kelele asiipige, auguse mpira kwa mwenzake, wauzungushe uende upande wa pili. Hapo hata mimi nikaelewa. Mtu aliwaambia.

Quarry Lane walisawazisha kabla ya mapumziko kwa shuti la mbali, na kwa dakika ishirini baada ya hapo Ikirezi alicheza mchezo ambao sijawahi kumwona mtoto wa umri ule akiucheza. Alidaka mpira wa chini miguuni mwa Bénie. Alilipangua shuti lililokuwa linaelekea pembeni juu, kwa ncha za vidole. Watu wa Fern Street wenyewe walimpigia makofi. Nilidhani Fidèle atafurahi. Alikuwa anatazama saa yake.

Kipindi cha pili, kona ya kushoto tena, Bénie mbele yake tena. Kocha Abigail alipaza sauti mtu amsogelee, lakini mabeki hawakuelewa nani, wakasogea wawili na kumziba zaidi. Mbili kwa moja. Ikirezi aliuokota mpira wavuni mwenyewe, akaufuta vumbi, akautazama. Halafu akaitazama ile kona, na Bénie, na benchi la Fern Street, mmoja baada ya mwingine, kama mtu anayejumlisha. Alikuwa na macho ya baba yake.

Zilibaki kama dakika tano. Mpira ulitoka, kona, kushoto. Bénie akaja kusimama mahali pake. Na hapa naomba nieleze vizuri, kwa sababu wengi waliokuwepo waliona goli tu.

Ikirezi hakubaki kwenye mstari. Mpira ulipopigwa alitoka. Alimzunguka Bénie, akaruka, bega lile la kushoto likiwa mbele, na mbio alizotoka nazo zilikuwa za mtu aliyekwisha amua kwamba kama ni kuvunjika avunjike. Aliufikia kabla ya kila mtu. Aliupiga ngumi. Akagongana na Bénie na beki wake mwenyewe, wote watatu wakaanguka, na mpira ukadondoka nje kidogo ya eneo la hatari, miguuni mwa msichana wa Fern Street ambaye hakuwa na la kufanya ila kuusukuma kwenye goli tupu.

Tatu kwa moja.

Fidèle alikuwa kushoto kwangu. Mkono wake ukapanda juu, vidole vitatu vimenyooka. Sidhani kama aliuinua kwa kutaka. Uliinuka wenyewe, kama unavyoinuka mkono wa mwanafunzi anayejua jibu. Na uso wake, Mungu anisamehe kwa kuusema, ulikuwa umefurahi. Haikudumu. Labda sekunde mbili. Nyuma yetu watu waliitana Mwalimu, Mwalimu, mtu mmoja akampiga mgongoni kwa kumpongeza.

Ikirezi alikuwa chini, ameshika bega, na kama afanyavyo mtoto yeyote anapoumia, alikuwa amegeuza kichwa kumtafuta mzazi wake. Alimwona. Aliviona vidole. Aliendelea kumtazama hata baada ya mkono kushuka.

Refa alipopuliza filimbi ya mwisho, tulikwenda kwenye benchi la Quarry Lane. Abigail alikuwa amemfunga Ikirezi barafu begani na kusema inaonekana ni mchubuko tu, lakini wampeleke apigwe picha. Fidèle alimsogelea binti yake, akamwambia amecheza vizuri, na kwamba ile aliyotoka ilikuwa sahihi, mabeki ndio waliomwangusha. Ikirezi aliitikia kwa kichwa bila kumtazama. Pengine yangeishia hapo. Pengine angejiambia aliona vibaya.

Lakini akaja Prince. Prince ni Mkongo wa Uvira, baba yake Bénie, mtu mwema ambaye hajawahi kukosa kipindi chetu. Alikuja anatabasamu, akamshika Fidèle mikono yote miwili, akasema, "Mwalimu, Mungu akubariki. Ile maneno yako ya redio nilieleza kocha yetu yote kwa Kingereza, na alifwata vile ulisema. Kona kule kushoto, Bénie mbele ya kipa. Kipa mwenye bega ya kuumia. Uliona mbali kabisa."

Hakujua. Nathibitisha hakujua. Utani wetu wa mzazi aliusikia, lakini redioni Fidèle hakutaja kwamba golikipa ndiye mwanawe, na Prince alimjua Ikirezi kwa jezi tu. Alipoona hakuna anayecheka, alimtazama yule msichana mwenye barafu, akamtazama Fidèle, akaachia mikono. Akaomba radhi mara tatu, mara nne, akarudi nyuma nyuma hadi akaondoka.

Ikirezi alivua glavu. Alikuwa na shida kuivua ya kushoto, na baba yake aliponyoosha mkono kumsaidia, aliurudisha mkono wake kifuani. Akasema kwa Kiswahili, Kiswahili kilichonyooka kuliko nilichowahi kumsikia nacho, "Nilikuambia wewe, Baba. Wewe peke yako."

Abigail aliuliza kwa Kiingereza amesema nini, na sisi wawili, watu wa redio, hatukupata cha kumtafsiria.

Aliomba apelekwe hospitali na mwalimu wake. Fidèle alilifuata gari la Abigail kwa gari lake hadi huko, akakaa sehemu ya kusubiria, na walipomwita mzazi, Ikirezi alisema mama yake yuko njiani.

Bega lilikuwa limechubuka tu. Lilipona kwa wiki tatu.

Jumamosi iliyofuata nilikuwa na hakika Fidèle hatakuja. Alikuja, na koti lake. Aliniambia kabla hatujaanza kwamba leo hatatabiri. Atatumia dakika zake kumwomba mwanawe msamaha, hewani, kama alivyomkosea hewani. Nikamwambia ni jambo jema. Na nilimaanisha. Lakini simu zilianza mapema kuliko siku zote. Watu walitaka kumpongeza. Mtu alipiga kutoka Melbourne. Nilimkaribisha kama nilivyozoea, nikamtaja kuwa ndiye aliyetaja fainali ya shule ndogo goli kwa goli, nikawaunganisha wasikilizaji watatu mfululizo, na alipopewa nafasi ya kuzungumza zilibaki dakika nne. Alikohoa. Alinitazama kupitia kioo cha studio, na mimi nikamwonyesha saa. Akaanza na mechi za Ulaya za wikiendi hiyo.

Nyumbani alimwomba msamaha mara nyingi. Spéciose aliniambia kwamba mara ya kwanza alipiga magoti sebuleni, mwanamume wa miaka hamsini na mmoja, na Ikirezi akamwinua kwa mkono mzima akamwambia kwa Kiingereza kwamba mambo yako sawa, asijali. Alilisema kwa upole, namna anavyozungumza na watu wa ofisi ya shule. Tangu siku hiyo hajamkosea baba yake adabu hata mara moja. Anamsalimu, anamshukuru kwa chakula, anamuuliza kama anahitaji kitu dukani. Yote kwa Kiingereza. Akiwa na mama yake sasa anazungumza Kiswahili, wanacheka jikoni, lakini Fidèle akiingia anabadilisha lugha kama mtu anayefunga dirisha.

Jumapili baada ya ibada Fidèle alichukua mpira mara mbili tatu akasimama mlangoni nao. Ikirezi alisema ana masomo. Baadaye ulibaki ndani ya gari, ukapungua upepo.

Kile kipande nilikitoa kwenye ukurasa mwezi mmoja baada ya mechi. Kilikuwa kimefika elfu tatu. Spéciose hakunishukuru, wala hakunilaumu. Tukikutana msibani ananisalimu kwa mkono, mkavu, na kusonga mbele. Meneja wa redio, ambaye haelewi Kiswahili, alizipenda zile namba, akaniambia nimwongezee Fidèle muda. Sasa ana nusu saa. Anakuja kila wiki, anataja matokeo, na mara nyingi anapatia.

Mwezi wa tatu mwaka huu tulikuwa tumemaliza kipindi, tunakunja nyaya, simu yake ikalia. Ulikuwa ujumbe wa msikilizaji asiyemjua. Aliusoma, akausoma tena, akanipa niuone, kwa sababu nadhani hakuwa na mwingine wa kumwonyesha. Ulisema: Mwalimu, hongera, tumesikia binti yako amechaguliwa golikipa wa timu ya jimbo, wanaondoka lini.

Nilimuuliza kama alikuwa anajua. Alichukua simu yake, akaandika polepole kwa kidole kimoja kwamba anashukuru sana, kwamba familia nzima ina furaha, na kwamba wanaondoka hivi karibuni. Akautuma. Halafu akavaa koti, akakaa tena kwenye kiti, akaniuliza, kama anauliza habari za mtu tusiyemjua wote wawili, iwapo kwenye mtandao wanaandika tarehe.